Vipepeo wa Maji ya Chumvi

Huku Kalemie jua halizami ziwani, linazaliwa humo. Kila asubuhi hutoka majini upande wa Kigoma, jekundu kama kaa la moto, na kabla halijapita juu ya mitumbwi Adija alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji, na ameshaketi juu ya gogo mbele ya kichanja cha samaki. Mkononi alishika tawi lenye majani mengi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kufukuza nzi.

Mama yake alinunua mikebuka, samaki wa ziwani, kwa wavuvi, akaipasua mgongoni, akailaza usiku kucha katika beseni la maji ya chumvi, kisha akaianika juu ya kichanja cha matete. Ikikauka, aliiuza kwa wanaume wa baiskeli waliosukuma magunia hadi Nyunzu, na wengine hadi Manono. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Treni ilikuwa imelala stesheni kama nyoka mgonjwa. Askari walikuwa wamekataza taa ziwani usiku, kwa hiyo wavuvi wa ndakala, yaani dagaa, ambao huvua kwa taa, walikunja nyavu zao wakaziweka darini. Papa Jumaa, baba yake Adija, alikuwa amevuka kwenda Kigoma kununua chumvi, na nyuma yake njia ya ziwa ikafungwa. Habari zake zilikuja kwa midomo ya watu: yu mzima, anangoja chombo.

Kabla ya kuondoka, Papa Jumaa alimwachia binti yake wimbo wa kazi. Adija aliuimba huku akipunga tawi:

*Toka nzi, toka hapa, rudi kwenu jalalani,*
*Samaki hatukukupa, ni wa watu wa nyumbani.*
*Ukigusa nitachapa, tawi liko mkononi,*
*Sitalala, ninaapa, hadi jua mlimani.*

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na likizo ya shule ilikuwa ndefu. Ukiimba wimbo mmoja tangu asubuhi hadi jua linapofika mlimani, hata wimbo wa baba huchosha.

Lakini palikuwa na kitu kimoja kilichoipa siku yake rangi. Nyuma ya kichanja ardhi iliteremka kuelekea mto Lukuga, na hapo kwenye mteremko ndipo Mama alipomwaga maji ya chumvi yaliyokwisha kazi. Mchanga wa mahali hapo haukukauka kamwe, na jua lilipopanda vipepeo walikuja kunywa. Walikuja weupe, wa manjano, weusi. Walitua wakakunja mabawa, wakateremsha mirija yao myembamba kama uzi wa cherehani, wakanyonya chumvi mchangani.

"Kipepeo na mbuzi ni ndugu," Papa Jumaa alizoea kusema. "Wote wawili hawawezi kupita penye chumvi bila kuonja."

Na ni vipepeo hao waliomrudishia Éliane sauti yake.

Éliane alikuwa na umri sawa na Adija. Alifika Kalemie kwa miguu kutoka upande wa Nyunzu, pamoja na mama yake, Mama Florentine, na mdogo wake aliyebebwa mgongoni. Nyumba yao ilichomwa. Mama yake Adija aliwapa chumba cha nyuma, na kila siku aliwapelekea bakuli la samaki. Mama Florentine alishukuru kila mara, lakini Éliane hakusema neno. Hakulia, hakucheza, hakujibu hata alipoulizwa jina. Watoto wa mtaa walianza kumwita Jiwe.

Siku moja Adija alimshika mkono, akamshusha mteremkoni, akamketisha. Wakatazama vipepeo. Kipepeo mkubwa mweusi, mwenye mshipi wa buluu katikati ya mabawa, akatua karibu na kidole cha mguu cha Éliane.

"Huyu ni Sultani," Adija alinong'ona. "Tazama anavyojivuna. Na hawa weupe ni Kanzu. Wanakaa kwa mistari kama watu wa msikitini siku ya Ijumaa."

Éliane akainama, akawatazama weupe wale kwa makini. Kisha akafungua kinywa chake.

"Hapana," alisema, na sauti yake ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Ni Masista. Wana pindo nyeusi, na hawacheki."

Adija akamkodolea macho. Kisha akacheka, na Éliane akacheka. Uwanjani Mama Florentine alikuwa akitwanga muhogo. Mchi ukasimama hewani. Akaushusha polepole, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge chake, akaendelea kutwanga kana kwamba hakusikia kitu, asije akakatiza kicheko kile.

Tangu siku hiyo wasichana hao walikuwa walinzi wa mteremko. Waliwapa vipepeo majina yote. Yule wa rangi ya chungwa, aendaye polepole bila kumwogopa mtu, walimwita Mama wa Soko. Mwenye madoadoa ya manjano walimwita Kitenge. Éliane alieleza kwamba kwao msituni walikuwa wengi kuliko hapa, lakini walipungua tangu miti ilipoanza kukatwa kwa ajili ya makala, mkaa wa kupikia. "Mti ukikatwa, mtoto wa kipepeo hana jani la kula," alisema. "Hata huku kwenu, tazama mlima." Adija akageuka. Mlima nyuma ya mji ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha mtoto mwenye chawa. Hakuwa amewahi kuuona hivyo, ingawa alikuwa akiutazama kila siku.

Kuhusu weupe hawakupatana kamwe. Kwa mmoja walikuwa Kanzu, kwa mwingine Masista, na ubishi huo ulikuwa mtamu kuliko muwa.

Tatizo lilikuwa nzi. Kila Adija alipoteremka kutazama vipepeo, nzi walishuka juu ya samaki. Siku moja Mama alirudi akaona mayai meupe ndani ya nyama, akampa maneno makali, akatupa samaki wanne wazima.

"Chumvi hii ni ya mwisho ya baba yako," Mama alisema. "Sitaki kuwamwagia nzi."

Kesho yake Adija aliketi kwenye gogo akiwa na hasira. Ng'ambo ya ua, kichanja cha jirani, Mama Monique, kilikuwa kimejaa samaki, na Mama Monique mwenyewe alikuwa amelala kivulini akikoroma. Hakuna aliyepunga tawi. Hakuna nzi hata mmoja. Adija akasogea hadi penye ua.

"Mama Monique! Samaki wako hawana nzi?"

Mama Monique akafumbua jicho moja. "Nzi wana akili, mutoto wangu. Hawaendi mahali wasipopendwa."

"Umefanya nini?"

Mama Monique akacheka, akafungua fundo la kitenge, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu. "Dawa ya pamba, ya kuua wadudu. Ilitoka katika ghala la pamba lililovunjwa vita ilipoanza. Kidogo tu ndani ya maji ya chumvi, nzi anapita mbali. Wote sokoni wanaitumia. Njo vile, ndivyo tunavyoishi sasa."

"Mama anaijua?"

"Mama yako ana kiburi. Ukimuuliza, atasema hapana. Basi usimuulize." Akamtia karatasi mkononi, akalifumba lile jicho moja.

Wote wanaitumia! Ni maneno matamu hayo, na yameangusha watu wazima wenye ndevu zao, sembuse msichana aliyechoka kupunga tawi. Mchana ule Mama alipokwenda kwa wavuvi, Adija alifungua karatasi juu ya beseni. Unga ukaelea kidogo, ukazama. Ulikuwa na harufu ya kukwaruza koo. Akakoroga kwa kijiti, akakitupa mbali, akanawa mikono mara mbili.

Asubuhi yake Mama aliwatoa samaki akawaanika, naye Adija akamwaga maji ya beseni mteremkoni, kama kawaida. Siku nzima hakutua nzi. Adija na Éliane walikwenda hadi mtoni kutafuta vipepeo wapya, wakarudi jioni kwa njia nyingine wakiwa na matope magotini na furaha tele. Mama alipopindua samaki mmoja mmoja na kukuta ni safi, alimshika binti yake kidevu.

"Leo mkono wako ni dhahabu," alisema. "Nitamwambia baba yako."

Adija akatazama chini. Sifa ile ilipita kooni mwake kama mfupa.

Siku iliyofuata samaki walikuwa wamekauka. Asubuhi akaja Papa Edmond, mwanamume wa baiskeli, mrefu, mwembamba, mwenye mzaha mwingi. Baiskeli yake aliiita Madame.

"Madame amekunywa mafuta, amekula hewa, yuko tayari," alisema akifunga gunia kwa mpira. "Mupe kintu cha kubeba, atafika Nyunzu kabla hajaanza kunung'unika. Mama Adija, samaki wako wana sura nzuri leo. Hata nzi wamewaheshimu!"

Mama akacheka. Adija hakucheka. Papa Edmond akaondoka akiisukuma baiskeli, akipiga mluzi. Mama akachagua samaki wachache waliobaki, akatia baadhi ndani ya sufuria, akajaza na bakuli la Mama Florentine.

Wasichana wakashuka mteremkoni.

Éliane ndiye aliyetangulia, na ndiye aliyesimama ghafla. Mchanga ulikuwa umejaa rangi, lakini rangi zile hazikutikisika. Weupe walilala kwa mistari, kila mmoja kwa ubavu. Kitenge alikuwa na bawa moja lililozama ndani ya mchanga. Mama wa Soko alikuwa akizunguka mahali pamoja, akijaribu kuruka, akianguka, akijaribu tena. Sultani alilala amefungua mabawa, na mshipi wake wa buluu ulikuwa bado unang'aa.

Éliane akapiga magoti. Akamwokota Sultani, akamweka kiganjani.

"Wametufuata," alisema.

"Nani?"

"Watu wa vita. Walichoma nyumba, wakachoma shamba. Sasa wamefika mpaka kwa vipepeo." Akafungua kitambaa cha kichwa, akaanza kuwaokota mmoja mmoja na kuwaweka humo, taratibu, kama mtu anayelaza watoto. Kisha akafunga mdomo, na Adija aliona uso wake ukijifunga pia, ukirudi kuwa jiwe.

Hapo Adija angeweza kunyamaza. Vita ilikuwa imebeba makosa mengi. Kama angeitwika na hili moja, nani angejua? Vita haijitetei. Lakini alitazama ile mirija myembamba ya vipepeo ndani ya kitambaa, akakumbuka harufu ya unga, na wazo moja likamjia kama maji baridi mgongoni. Maji yaliyowaua vipepeo ndiyo yaliyolowesha samaki.

"Éliane, si vita," alisema. "Ni mimi. Nilitia dawa ya pamba katika maji ya chumvi, ili nipate nafasi ya kuja hapa na wewe. Nimewaua mimi."

Éliane akamtazama. Adija alingoja kofi, tusi, chochote. Éliane alisema neno moja tu: "Bakuli!"

Wakapanda mteremko mbio. Mama alikuwa ameshika bakuli, mguu mmoja tayari umevuka kizingiti cha chumba cha nyuma.

"Mama, usiwape! Samaki wana sumu. Niliitia mimi, kwa ajili ya nzi. Vipepeo wote wamekufa."

Mama aliganda. Alimtazama Adija, akatazama kitambaa mkononi mwa Éliane, akatazama bakuli. Hakupiga kelele. Alirudi, akaliweka bakuli juu ya paa mahali ambapo paka hafiki, akaiepua sufuria motoni. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umepauka.

"Edmond," alisema. "Lile gunia litalisha nusu ya watu wa Nyunzu. Miguu yenu ni myepesi kuliko yangu. Kimbieni, nami nitawafuata. Lazima atasimama kwenye kizuizi."

Kizuizi cha askari kilikuwa mwisho wa mji, gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili. Kila aliyepita alisimama hapo, na kila gunia lililopita lilipungua kidogo. Wasichana walipofika wakihema, waliiona Madame imeegemezwa, gunia limefunguliwa, na Papa Edmond amesimama pembeni kofia mkononi. Askari mmoja kijana, bunduki begani, alikuwa ameshika samaki wawili. Mwenzake alikuwa akipuliza moto wa kuwachomea.

Éliane akasimama hatua nyingi nyuma. Aliona sare zile, na miguu yake ikakataa. Adija akaendelea peke yake.

"Shefu, musile! Samaki hao wana sumu."

Moto ukaacha kupulizwa. Papa Edmond akafumba macho kama mtu aliyesikia radi karibu.

"Sumu?" Askari akashusha bunduki begani. "Nani anataka kutuua hapa?"

"Hakuna mtu, Shefu. Nilitia dawa ya kufukuza nzi. Sikujua."

Askari akamtazama kwa muda, kisha akacheka kwa ubaya. "Ninawajua nyinyi watu wa samaki. Kila mara tukiomba kidogo, kuna hadithi. Jana mmoja alisema wake ni wa mazishi. Leo wako wana sumu. Kesho watakuwa na meno! Toka hapa, mutoto."

Akamkabidhi mwenzake samaki.

"Ni kweli!" Adija alilia. "Wallahi ni kweli!"

"Rudi nyumbani."

Ndipo Adija aliposikia nyayo nyuma yake. Éliane alikuja polepole, kama anayetembea juu ya ubao mwembamba. Alipita mbele ya Adija. Alisimama mbele ya askari, mbele ya sare ile aliyoikimbia kutoka kwao hadi ziwani, akafungua kitambaa chake.

"Waliyanywa maji ya samaki hao," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Hawa hawakujua kusema uongo."

Askari akatazama. Vipepeo walikuwa wengi, kitambaa kizima, weupe na weusi na wa manjano. Mama wa Soko bado alikuwa akitikisa mguu mmoja. Upepo ukainua bawa la Sultani, ukalirudisha.

Yule mwenzake akawatupa samaki chini, akapangusa mikono yake kwenye suruali, akapangusa tena.

"Nani alikutuma uje kutuambia?" askari kijana alimuuliza Adija, na safari hii hakuwa na dharau. "Ungenyamaza tu. Sisi si ndugu zako."

"Mtu akila sumu yangu," Adija alisema, "kosa ni langu tu, hata akiwa nani."

Askari akarudisha bunduki begani. Akawaokota wale samaki kwa ncha za vidole, akawarudisha ndani ya gunia, akalifunga mwenyewe. "Geuza baiskeli yako, Papa," alimwambia Edmond. "Na nyinyi wasichana, nendeni. Nendeni kabla sijapata akili nyingine."

Wakamkuta Mama njiani, viatu mkononi, amelowa jasho. Aliposikia yote, aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja, katikati ya barabara, kwa muda mrefu. Papa Edmond akasubiri, akiipapasa Madame kitini.

"Madame anasema hajawahi kubeba mzigo mzito kama huu," alinong'ona. Hakuna aliyecheka, lakini wote walishukuru.

Walipitia zahanati. Muuguzi, Mama Julienne, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi.

"Wiki mbili sasa ninaletewa watoto wanaotapika na kutetemeka," alisema. "Nilifikiri ni maji ya kisima. Nimewaambia mama zao wachemshe maji, na mtoto anarudi vilevile. Kumbe ni samaki!" Akamgeukia Adija. "Unga ule hautoki kwa kuosha, wala kwa kuchemsha. Wafukieni samaki hao mbali na ziwa, mbali na mto, chini sana. Na jina la unga ule, leo hii litatajwa sokoni."

Jioni ile walichimba shimo mlimani, mahali palipokatwa miti. Gunia zima likaingia humo: kazi ya Mama, chumvi ya Papa Jumaa, na mchele ambao wangeununua. Majirani walitazama. Watu wenye njaa wakiona chakula kinazikwa hawanyamazi.

"Mama Adija amepata wazimu!" Mama Monique alipaza sauti. "Unazika samaki wakati wa vita? Wote tunatia dawa, mbona hatujafa?"

Mama akasimama, udongo ukimdondoka mikononi. "Monique, mjukuu wako alitapika lini?"

Mama Monique akageuka kutazama nyumbani kwake.

"Vita imetuchukulia treni, taa na waume," Mama aliendelea, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Haikutuambia tulishane sumu. Hilo tumelifanya sisi wenyewe, kwa mikono yetu. Na mimi ninaanza kwa kuisafisha mikono ya nyumba yangu."

Éliane aliweka kitambaa chake pembeni mwa shimo, akakifunika kwa udongo. Adija akamsaidia, na mikono yao ilipogusana Éliane hakuuondoa wake. Chini ya udongo ule walizika Kanzu na Masista pamoja, bila ubishi.

Asubuhi yake Mama Monique alikuja akiwa na mzigo kichwani. Alikuwa na macho mekundu. Hakuomba radhi kwa maneno. Aliutua mzigo uwanjani, akaukunjua. Ulikuwa wavu wa ndakala wa mume wake, ule uliokuwa darini tangu taa zikatazwe. Matundu yake yalikuwa madogo mno hata nzi hawezi kupenya.

"Hauna kazi ziwani," alisema. "Labda utakuwa na kazi juu ya kichanja." Kisha akatoa ndani ya kitenge konzi mbili za chumvi, akaziweka juu ya gogo, akaondoka haraka.

Wazo hilo lilikimbia mtaani kuliko moto. Nyavu zilishuka kutoka dari moja hadi nyingine. Wanawake walizishona palipochanika, wakazitandika juu ya matao ya matete, na watoto wakagawana zamu za kupunga matawi pale ambapo wavu haukutosha. Karatasi za unga zilikusanywa kwa Mama Julienne. Mjukuu wa Mama Monique aliacha kutapika. Nyumbani kwa Adija walikula muhogo mtupu kwa muda mrefu, lakini walikula bila hofu.

Adija na Éliane waliweka mawe kuuzunguka mchanga wenye sumu, wakaufunika kwa udongo mpya, wakapanda miche ya ndimu pembeni, kwa sababu Éliane alijua kwamba mtoto wa Kitenge hula jani la ndimu. Maji safi ya chumvi waliyamwaga mahali papya. Kila siku walishuka kutazama. Kila siku mchanga ulikuwa mtupu.

Likizo ikaisha. Mvua za kwanza zikanyesha, zikaosha mlima, zikafungua majani. Mchana mmoja, sare ya shule ikiwa bado mwilini, Adija aliona kitu kidogo kikiyumba hewani kama karatasi. Kilizunguka kichanja, kikateremka, kikatua penye unyevu. Kilikuwa cheupe.

Wasichana wakaketi bila kupumua.

"Kanzu," Éliane akanong'ona.

Adija akatikisa kichwa. Macho yake yalijaa machozi. "Hapana. Ni Sista. Ana pindo nyeusi."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao, beseni tupu mkononi. Akaketi mchangani katikati yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikilizeni," alisema kwa upole. "Adija, ulitaka mkono wako upumzike, ukaiachia sumu kazi yako. Lakini mkono ukichoka hupumzika. Sumu haichoki wala haichagui. Ilianza na nzi, ikaja kwa vipepeo, na ilikuwa njiani kuja kwa watoto. Kiumbe mdogo akifa mlangoni kwako, uliza amekufa kwa nini, maana wewe ndiwe unayefuata. Na kosa likiwa lako, liseme mapema, kabla halijapanda baiskeli. Ulilisema. Kwa hiyo mkono wako ni dhahabu kweli, na safari hii nitamwambia baba yako bila kukosea."

Adija akaegemeza kichwa begani mwa mama yake. Kipepeo wa pili akaja, kisha wa tatu. Éliane akaanza kuimba taratibu kwa sauti ya wimbo wa Papa Jumaa, lakini maneno yalikuwa mapya, wameyatunga wawili wao wakingoja:

*Shuka, kipepeo, shuka, chumvi yetu ni salama,*
*Sumu yote tumezika, mlimani imezama.*
*Mikono haitachoka, wala haitalalama,*
*Na Papa akishavuka, atukute tu wazima.*